Fundi wa Sabini na Mbili

Siku tuliyomzika Mzee Ndirangu kule Kianyaga, kitu cha kwanza nilichokiona si jeneza. Nilimwona Kamweru. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye viti vya familia, amevaa koti la kijivu lililomkaa vizuri, na nywele zake zote bado ziko kichwani. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi Kangema ambaye karibu nastaafu, nilikuwa nimeonyeshwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na masufuria. Nikajisemea, basi ni hivyo tena. Kamweru mbele, Nyaguthii upande wa jikoni. Nilikuwa nimekuja kumlilia mzee wangu, na machozi yalikuwa karibu kweli, lakini nusu ya ibada niliimaliza nikiangalia kisogo cha mtu mwingine. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Sijui ni wivu wa nani waliouzungumzia, kwa sababu mimi nimeushiriki tangu usichana na kila mwaka nguo zinanibana.

Habari za wazazi wangu na mahali nilipozaliwa nitaziruka, hazina ndege ndani. Ninataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa Nyeri baada ya kumaliza sekondari, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu na kuuza madaftari katika duka la shangazi yangu. Mlango wa pili ulikuwa wa Mzee Ndirangu, fundi wa redio. Kabla ya redio alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza ndege za kivita katika kambi ya Nanyuki, na ukikaa naye dakika kumi ungejua kwamba mwili ulistaafu lakini moyo ulibaki kule. Alikuja dukani kwetu kununua brashi nyembamba kuliko zote. Nikamuuliza anachora nini. Akasema, "Sichori. Kuja Jumamosi uone." Nikaenda, nikiwa na uhakika kwamba nitaonyeshwa picha za Yesu, maana wakati huo kila mzee aliyenunua brashi alikuwa anachora Yesu.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ua wa kuku, meza ndefu iliyojaa madoa ya rangi, jiko la mkaa mlangoni, na harufu ya gundi iliyochanganyika na harufu ya njahi, yale maharagwe meusi, zinazochemka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Na kabati la vioo. Ndani ya kabati zilisimama ndege ndogo za plastiki, ndege za vita za kila nchi, zimepakwa rangi za kujificha, kila moja na alama zake. Zilikuja kwenye maboksi, vipande vipande, na mtu anaziunganisha kwa gundi, anazipiga msasa, anazipaka rangi. Maboksi yenyewe yalitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Nanyuki aliyenunua chochote kilichoachwa na wanajeshi wa kigeni walipomaliza mazoezi yao: mabuti, vitanda vya kukunja, sufuria, na mara moja moja boksi la ndege ambalo mwenyewe alichoka kabla hajalifungua. Mara nyingi kilikosekana gurudumu au kioo cha rubani. Mzee alitengeneza gurudumu kwa kifungo cha shati.

Jambo la kwanza alilonifundisha, kabla hata ya kushika gundi, lilikuwa skeli. Ndege ya kivita aliyoipenda kuliko zote ni F-5, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiitengeneza kambini. Ukiipunguza mara arobaini na nane, inakuwa na urefu wa rula ya shule. Ukiipunguza mara sabini na mbili, inakuwa kama penseli mpya. Basi watu wa kazi hii wamegawanyika hapo, na mgawanyiko wenyewe ni kama wa makanisa. Watu wa sabini na mbili husema: ndege ndogo ndiyo kazi ya mikono, na rafu moja inabeba jeshi zima. Watu wa arobaini na nane husema: ndege ni lazima uone saa zilizo mbele ya rubani, usipoziona umetengeneza pipi. Palikuwa na Bwana Githinji, karani wa benki, aliyejaribu thelathini na mbili, kubwa kupita zote. Alimaliza ndege moja, ikakosa nafasi nyumbani kwake, ikakaa juu ya friji hadi mke wake alipoitumia kuzuia kalenda isipeperuke. Kila mara habari hiyo iliposimuliwa, Mzee Ndirangu alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Kitambaa hicho kilikuwa chekundu, na kilikaa mfuko wa nyuma wa suruali, nusu ndani nusu nje, kama alivyozoea kambini. Nakitaja kwa sababu nilikitazama sana. Kila Jumamosi, njahi zikiwa tayari, mkewe Mama Wahu alisimama mlangoni na kuita, "Baba Wahu, chai!" Na kila Jumamosi mzee alifanya vilevile: mwili haukusogea, mikono ilibaki juu ya ndege, lakini kichwa kiligeuka polepole kuelekea mlangoni, kofia imekaa upande, kana kwamba ameitwa kutoka mwisho wa uwanja. Halafu akarudi kwa ndege yake. Mama Wahu aliita mara ya pili, ya tatu, kisha akaniangalia mimi na kusema, "Si unaona vile nimeolewa na mgongo?"

Nilikuwa mtu wa sabini na mbili. Nilianza hivyo kwa sababu nililala kwenye duka, kwenye godoro linalokunjwa asubuhi, na ndege zangu zote zilitakiwa kuingia kwenye katoni moja ya viatu. Lakini nilikuja kuipenda skeli yenyewe. Niliweza kupaka bendera ndogo kuliko punje ya mchele bila mkono kutetemeka. Kabati lilikuwa na sheria ambayo mzee aliitamka kama amri ya Musa: rafu moja, skeli moja. Ndege za skeli mbili zikisimama pamoja, alisema, moja inaifanya nyingine kuwa mwongo. Na rafu ya katikati, ile inayokutana na macho ukiingia tu, ilikuwa ya sabini na mbili. Ndege zangu zilisimama hapo pembeni ya zake. Miezi ile ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kirahisi. Wageni waliuliza, "Na hizi ni za nani?" Mzee akajibu, "Za huyu msichana," bila kuinua macho, na mimi nikatazama chini nikijifanya sijasikia.

Halafu Kamweru akaja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Alitoka Kiganjo kwa baiskeli, boksi kubwa limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, mwenye sauti ya chini, asiye na ubaya wowote wa kushika, na hilo nalo lilinikera. Ndani ya boksi mlikuwa na F-5. Ya arobaini na nane. Mzee aliifungua mezani. Akachukua bawa moja lisilopakwa rangi, akalipitisha kidole, akasema, "Hii misumari nimeigusa yote na mikono yangu." Nilikuwa nimesimama karibu naye na nilihisi ameondoka chumbani, amekwenda kambini, na aliyempeleka ni Kamweru.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alijua kazi. Ndege alizoleta Jumamosi zilizofuata zilikuwa na rubani mwenye nyusi. Mimi nilizitazama nikitafuta kosa, nikatafuta alama ya gundi kwenye kioo, nikatafuta mahali msasa ulipita vibaya. Sikuona. Nikazichukia zaidi. Mama Wahu akaanza kumtolea chapati, akisema kijana ameendesha baiskeli kutoka mbali. Mimi nilitoka mlango wa pili, kwa hiyo nilipewa njahi na kisu cha kumenyea viazi. Siku moja nikafika nikakuta rafu ya katikati imebadilika. Ndege za Kamweru zimesimama hapo. Zangu zilikuwa zimeshushwa chini kabisa, karibu na sakafu, mahali ambapo ni kuku tu angeziona vizuri.

"Mzee, hizi umezitoa?" nikauliza.

"Sijazitoa. Nimezishusha," alisema. "Hizi kubwa zinataka nafasi. Wewe si mtu wa rafu, Nyaguthii, zako zinaingia mahali popote."

Nilikwenda jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyeniomba kumenya. Maneno yale yalinikaa. Zako zinaingia mahali popote. Hata leo mwalimu mkuu akiniambia kwamba ratiba yangu inaweza kusogezwa, namsikia Mzee Ndirangu.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Kubwa nililisikia nikiwa palepale jikoni, wiki za mvua, ukuta wa mbao ukiwa kati yetu. Walikuwa wawili tu mezani. Mzee alikuwa ameanza kuitengeneza ile F-5 mwenyewe, aifanye iwe ndege aliyoihudumia siku ya mwisho kabla ya kustaafu, na rangi zake zote na namba zake. Sote tulijua kwamba hiyo ndiyo ndege ya maisha yake. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba akihitaji mtu wa kumchorea alama, ataniita mimi. Nani mwingine aliyekuwa na mkono kama wangu?

"Hii nataka wewe unimalizie," nikasikia anasema.

"Mzee, na Nyaguthii?" Kamweru akauliza. "Yeye ndiye anajua kuchora. Atasikia vibaya."

"Nyaguthii ni wa sabini na mbili. Mimi na sabini na mbili tumeachana."

"Ati mmeachana?"

"Tumeachana. Wachana na hiyo. Wewe malizia hii."

Kisu kilinikata kidole na sikusikia mpaka Mama Wahu alipopiga kelele kwamba naweka damu kwenye viazi. Kilichoniuma zaidi, nitasema wazi, si kwamba mzee alinikataa. Ni kwamba Kamweru alinitetea. Mtu akikushinda na kukuhurumia siku hiyohiyo, utamfanya nini?

Nikaamua kwamba ndege ile haitamalizika bila mkono wangu. Kwenye katoni yangu nilikuwa na rubani mmoja wa ziada, ameketi, wa sabini na mbili bila shaka, maana sikuwa na kingine. Nikamkata miguu kwa wembe uliopashwa moto, nikamnyoosha, nikamsimamisha. Nikamtengenezea kofia iliyokaa upande. Kwa kipande cha karatasi ya sigara kilichopakwa rangi ya kucha ya shangazi nikamtia kitambaa chekundu mfuko wa nyuma, nusu ndani nusu nje. Shingo nikaikata na kuigeuza, mpaka akawa mzee mwenyewe wakati anaitwa chai. Alikuwa mrefu kama ukucha wa kidole gumba na kidogo juu yake. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko yule mtu, na nina umri wa kuweza kusema hivyo bila kujisifu.

Nilijua skeli haikubali. Usiniulize kwa nini nilimpeleka. Mtu mwenye wivu hupeleka kitu si kwa sababu kinafaa, bali ili kionekane. Jumamosi hiyo F-5 ilikuwa mezani, imekamilika, juu ya ubao uliobandikwa msasa na kupakwa kijivu ili uwe lami ya uwanja. Nikamweka mtu wangu kando ya gurudumu. Akafika chini ya bawa, akawa kama mtoto wa nasari aliyepotea uwanja wa ndege. Bwana Githinji wa benki alicheka hadi chai ikamtoka puani.

"Hii ni fundi ama ni mtoto wa fundi?"

Kamweru hakucheka, na hilo pia nililiweka kwenye hesabu yake. Mzee alimwinua yule mtu kwa kibano, akamleta karibu na uso, akampeleka mbali, akamleta karibu tena.

"Nyaguthii," akasema, "sheria unaijua."

Akamtia mfuko wa shati. Nami nikaaga. Muda si mrefu nikaitwa chuoni, na sikupita kuwaaga mara ya pili. Baadaye nilisikia kwamba duka lilifungwa na mzee amehamia shamba lake la Kianyaga, na kabati amelibeba. Kutoka Kangema hadi Kianyaga si safari. Watu huenda na kurudi na magunia ya viazi. Mimi sikwenda, kwa sababu niliwaza rafu ya katikati na nani anasimama pale.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nikikaa karibu na masufuria. Baada ya kaburi kufukiwa na watu kula, Mama Wahu, mzee sasa, anayetembea akishika ukuta, alitutumia mjukuu atuite sisi wawili. Tukamkuta chumbani kwake, ameketi kitandani. Kabati la vioo lilikuwa mbele ya kitanda. Rafu zilikuwa tupu karibu zote. Ndege nyingine zilishagawiwa wajukuu zikavunjika, kama inavyotakiwa. Lakini katikati, mahali pa macho, ilikuwa F-5 juu ya ubao wake wa msasa. Na nyuma yake, kwenye pembe ya mbali kabisa ya uwanja, alisimama mtu wangu.

Nilisogea. Kando ya gurudumu alikuwa mtoto wa nasari. Kule nyuma alikuwa mtu mzima aliye mbali. Ubao mfupi kuliko mkono wangu ulikuwa umekuwa uwanja wa kweli, mrefu, wa asubuhi, na mwisho wake fundi aliyesikia anaitwa. Nilimziba kwa kidole. Ikabaki ndege ya plastiki juu ya msasa. Nikaondoa kidole. Uwanja ukarudi.

"Nilimwambia, mzee, hapa wewe mwenyewe umevunja sheria," Kamweru alisema nyuma yangu. "Akaniambia, mtu akiwa mbali si anakuwa mdogo? Basi skeli ni sawa."

"Macho yalikuwa yamekwisha," Mama Wahu akasema. "Vitu vidogo alikuwa haoni tena, tangu kule Nyeri, na hakutaka mtu ajue. Huyo alimweka na kioo cha kukuza. Na mimi nimeshika tochi. Kila saa ananiuliza, 'Amesimama? Amesimama?' Namwambia amesimama."

Kwa hiyo hilo ndilo alilomaanisha aliposema, mimi na sabini na mbili tumeachana. Ningeweza kucheka. Mimi mwenyewe nimevaa miwani miaka mingi sasa, na ndege ninazotengeneza Kangema nikifunga shule ni za arobaini na nane, jambo ambalo Kamweru hajui na sina mpango wa kumwambia.

"Unajua hiyo ndege nilikuja kuiangalia kila mwaka," akaendelea Kamweru. "Na kila mtu aliyeingia hapa aliuliza kitu kimoja. 'Ule mtu wa kule nyuma ni nani?' Hakuna hata mmoja aliuliza nani alitengeneza ndege. Nyaguthii, nimekuonea wivu mpaka nikachoka."

Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Nilisikia utamu. Ulinishuka kooni kama uji wa moto, na nikaona aibu kidogo, lakini utamu ulikuwa mwingi zaidi. Halafu Mama Wahu akasema kwamba ametuita ili tuichukue, kwa sababu yeye hana muda mrefu na wajukuu wana mikono ya shoka. Na hapo utamu ukaisha, maana ubao ulikuwa mmoja na sisi tulikuwa wawili.

"Toa mtu wako, mimi nibaki na ndege," Kamweru alisema, kwa upole wake uleule. Akatoa wembe mfukoni. Mtu wa kazi hii hakosi wembe hata matangani.

Nilimwambia ndege yake bila mtu wangu haifai kitu. Akaniambia mtu wangu bila ndege yake ni kipande cha plastiki kinachopotea kwenye zulia. Tulikuwa tumevaa nguo za mazishi, wote na mvi, tukibishana kwa sauti ya kanisani. Nilichukua wembe. Niliuweka chini ya miguu ya yule mtu. Nikasukuma miwani juu ya pua, nikainama.

"Mwache hapo," Mama Wahu akasema.

Tukageuka.

"Nilikuwa nawapea. Sasa nimekataa." Alikuwa haongei nasi, alikuwa anaangalia kabati. "Nyinyi mlikuwa na yeye kila Jumamosi. Mlikuwa na uso wake. Mimi nilikuwa na mgongo. Maisha yangu yote nimeonea wivu hizo vitu, hata nilikuwa naomba Mungu panya ziingie kwa kabati. Huyo mdogo peke yake ndiye anageuka nikimwita."

Nje walikuwa wanaosha masufuria. Nilirudisha wembe kwa Kamweru, naye akafunga kioo cha kabati taratibu, kama alivyofanya zamani. Tukamuaga, tukatoka mmoja nyuma ya mwingine, mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza hakuna kati yetu aliyepata kitu, na nilimtazama bila kutafuta kosa.

Mlangoni niligeuka kuvuta pazia. Mama Wahu alikuwa amelala upande, uso kwa kabati, na nikasikia anaita polepole, kama mtu anayejua kwamba safari hii hatahitaji kurudia, "Baba Wahu, chai."

Nilimwonea wivu.